Mbao za Shangazi

Ghalani kwetu Turi, juu ya boriti,
zimelazwa mbao mbili nyembamba, ndefu kunizidi,
ncha zake zimepinda juu kama pua ya mwenye kiburi.
Kuku hulala hapo. Mavi yao yamekaukia
juu ya herufi zilizochongwa kwa kisu,
herufi ambazo kijijini anazisoma mtu mmoja tu.

Nilipokuwa mdogo niliambiwa ni za kuanikia mahindi.
Uongo wa Kogo huo, aliyechoshwa na maswali.

Shangazi Taprandich alipelekwa ng'ambo kusomea kondoo
mwaka wa themanini na nne, mwaka wa njaa.
Alikwenda na sweta ya shule na pakiti mbili za majani chai
hadi mji ulioitwa Frunze, ambao siku hizi
una jina jingine, kama mjane aliyeolewa upya.

Hasimulii. Ukimwuliza huko kulikuwaje
hujibu, "Baridi,"
kisha humkamata kondoo aliye karibu, humfunua mdomo,
kana kwamba umri wa kila jambo husomwa menoni.

Ila usiku mmoja stima ilipopotea
alianza mwenyewe, akiitazama birika, si mimi:

"Tulikuwa watano. Batma alitangulia.
Siku tatu tulipanda na mbao miguuni
kwenda bonde ambalo barabara hulisahau tangu Novemba,
chanjo za kondoo tumezivaa vifuani zisigande.
Chini ya mbao tulifunga ngozi ya farasi,
manyoya yakitazama nyuma.
Ukisukuma mbele yanalala, yanakubali.
Ukitaka kurudi yanasimama, yanakataa.
Mlima hupandwa hivyo. Si kwa nguvu."

Birika ikachemka. Hakuiepua.

"Usiku wa pili Batma alitoka kidogo, kwenda haja.
Tukasikia mlima unakohoa, mara moja tu.
Asubuhi mbao zake zilikuwa bado zimesimama
nje ya hema, pale alipozisimika."

Nami, mjinga, nikauliza: "Na chanjo?"

"Zilifika. Kondoo mia sita na arobaini.
Wa mwisho alikuwa na kengele shingoni."

Aprili hii, saa tisa mchana, mbingu ya Molo ilifunguka gunia.
Mvua ya mawe: kwanza kama njegere, kisha kama mayai ya kwale,
na mabati yakapiga kelele hadi hatukusikia tulivyoomba.
Ilipokoma, kilima chote kilikuwa cheupe.
Mama Nyakinyua alisimama katikati ya viazi vyake
mikono kichwani, majani yamekuwa kachumbari.
Hakuna aliyejua la kumwambia.

Ndipo Shangazi akatoka ghalani,
miaka sitini na miwili, gambuti na leso,
mbao begani, kuku wawili wakimfuata kwa malalamiko.
Alizifunga kwa kamba za katani. Akainama kidogo.
Akaenda.

Hatua arubaini hivi, siwezi kuapa.
Leso iliruka. Magoti yake yalijua kitu
ambacho sijawahi kuona yakikijua jikoni.
Kisha ua la Nyakinyua, kisha sukuma wiki, kisha miguu juu,
na Nyakinyua, machozi bado shavuni,
akacheka hadi akakaa chini kwenye barafu.

Nilimkimbilia. Hakutaka kuinuliwa.
Alilala akisugua mavi ya kuku kwa kidole gumba,
polepole, herufi baada ya herufi,
midomo ikitembea bila sauti.

Halafu alijaribu kupanda. Mbao zikamrudisha.
Akajaribu tena. Zikamrudisha.
"Leta ngozi," akasema.

Nilikimbia, nikaichana ngozi ya kondoo kwenye kiti cha Kogo,
naye Kogo akinitukana kwa lugha mbili.
Tukaifunga tukiwa tumepiga magoti matopeni,
maana mawe yalishaanza kuyeyuka,
mifereji midogo ikishuka baina ya viazi.

"Siyo hivyo," alinishika mkono. "Geuza.
Manyoya nyuma."